Mtawa Aliyemsuka Binti Yangu

Jumamosi ile binti yangu alirudi nyumbani Stratford kichwa kinanukia mafuta ya nazi. Nywele nilizomsuka kwa mkono wangu zilikuwa zimefumuliwa, zikasukwa mikia miwili, kila mkia umekunjwa na kufungwa utepe mwekundu. Damu ilinichemka. Kwetu kichwa cha mtoto hakishikwi na kila mtu.

"Nani kakugusa kichwa?"

"Mum, relax. Ni yule sista mzee."

Parokia ndiyo iliyowatuma vijana wa kipaimara wakawatembelee masista wastaafu. Wenzake walienda mara moja wakachoka. Wangu akawa haambiliki, kila Jumamosi yuko huko. Huyo mzee alikuwa amefundisha wasichana India karibu maisha yake yote, katika shule ya bweni ya watoto wa maskini, na kila wiki aliwapaka mafuta na kuwasuka mwenyewe. Sawa, lakini London nzima hii, kwa nini wangu? Halafu binti alikuwa ameacha hereni, na anaamka kusali bila kusukumwa. Mama mwingine angemshukuru Mungu. Mimi nilinusa mtego. Nina mtoto mmoja tu, na masista hawazai. Wanawapata wapi masista wengine kama si kwa kuchukua watoto wetu?

Safari iliyofuata niliongozana naye. Nilimkuta bibi mwembamba, vidole vimepinda, chanuo mapajani. Binti akaketi miguuni pake kama aliyezoea. Sikuzunguka mbuyu.

"Sista, unamtaka mwanangu?"

Hakukasirika. Aliendelea kuzigawa nywele taratibu.

"Kule India," alisema, "siku ya kusuka mama za wanafunzi wangu walikuwa wakija kusimama getini. Walinichunga kama unavyonichunga wewe. Nilichukia sana. Mimi nawafundisha mabinti zao kusoma, wao wananiona mwizi."

"Na hukumchukua hata mmoja?"

"Mmoja alivaa shela la utawa. Sikumwita, alitaka mwenyewe. Tukampeleka mji wa mbali. Mama yake aliendelea kuja getini, miaka na miaka." Akachukua utepe. "Siku hizi nawaza kwamba wale akina mama walikuwa na haki."

Nilitamani angenidanganya.

"Na huyu wangu?"

"Huyu pia sijamwita. Muulize."

Nikamgeukia binti yangu. Alikuwa anatazama zulia.

"Mum," akasema, "naomba usinikasirikie."