Siku Niliyomfanyia Bijou Mtihani

Nakiri mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine: mimi, mwalimu mstaafu wa fizikia mwenye umri wa miaka sabini na minne, niliburutwa kifudifudi juu ya samadi mbele ya wageni kumi na wawili, nikiwa nimevaa suti na tai, na aliyeniburuta ni farasi asiyenifikia kifuani. (Wanaosema katika saluni za mtaa wa Saint-Josse kwamba nilipigwa teke nikazimia wanasema uongo, hakuna hata mmoja wao aliyekuwapo.)

Ilikuwa mwishoni mwa majira ya baridi, katika shamba la kuzalisha farasi nje kidogo ya Brussels, mwendo mfupi wa gari kutoka kituo cha mwisho cha metro, treni ya mjini, ya mtaani kwetu Anderlecht. Binti yangu Nabintu amefanya kazi hapo miaka tisa. Alianza kwa kuzoa samadi, jioni akisoma, na sasa ndiye anayewazalisha majike na kuamua yupi apandishwe na lini. Siku hiyo wenye majike walialikwa kutazama kazi yake, kisha Madame, mwenye shamba, aamue kama atamkabidhi usimamizi wa uzalishaji wote. Nilijua kuna walionong'ona kwamba mwanamke aliyezaliwa Bukavu, Kongo, hawezi kuwafahamu farasi. Ndiyo maana nilivaa suti.

Nabintu alinizungusha kwanza. Akanionyesha taa zinazowashwa bandani kwa saa nyingi ili majike wadhani siku zimerefuka, miili yao iwe tayari mapema (nilimwuliza kama huo si udanganyifu, akanieleza habari za mwanga na ubongo kwa mpangilio mzuri hata nikampa alama zote kimoyomoyo). Kisha wageni wakafika.

"Papa, bon, ukae hapa na Hamisi," akaniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu chenye Kifaransa ndani. "Usiguse kitu. Nitakuya kukuita."

Hamisi ni mtunza farasi, mtu wa Bujumbura, mcheshi. Tulisimama mbele ya chumba cha Bijou, farasi dume mdogo ambaye kazi yake ni kupitishwa mbele ya majike ili ijulikane nani yuko tayari kupandwa. Akishamtambua jike huyo, yeye hurudishwa chumbani, na dume mwingine, mrefu na mwenye nasaba, ndiye anayeitwa.

"Anapeleka posa, mwingine anaoa, Mzee," akasema Hamisi. "Hiyo kamba ya mlangoni usiiguse. Anafungua komeo kwa midomo."

"Ulimwona?"

"Mimi? Hapana. Niliambiwa na niliyemkuta kazini."

"Na huyo alimwona?"

"Mzee, huyu ni farasi, si kesi ya mahakamani!" Akaenda zake akicheka.

Miaka thelathini na sita niliwafundisha watoto wa watu wasikubali neno lisilothibitishwa. Nikaifungua kamba, nikaacha komeo peke yake, nikasimama nikitazama dakika kumi kwa saa yangu. Bijou alisinzia kama mwanafunzi wa kiti cha nyuma. Nikatosheka, nikageuka kutafuta kamba ilipoangukia, nikasikia mlio mdogo wa chuma, na kabla sijageuka vizuri mlango ulikuwa wazi na Bijou ananipita, nikaidaka hatamu yake, na hapo fizikia yangu yote ikathibitika, maana mwili mdogo wenye kasi uliuvuta mwili mkubwa wenye viatu vya ngozi, nikateleza, nikaanguka, nikakataa kuachia (ukaidi ni ugonjwa wangu wa zamani), nikapita juu ya samadi iliyokuwa ikifuka mvuke kwa baridi, tai ikitangulia, mpaka katikati ya uwanja ambako Nabintu alikuwa amemshika jike wa mgeni mmoja, jike aliye tayari, aliyewekewa dume wake siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo nilipoachia, yaani wakati mbaya kuliko yote.

Wageni walipiga mayowe. Nabintu hakupiga. Alimrudisha jike mpaka makalio yakagusa ukuta, akampa Hamisi, aliyekuja mbio, kamba ya jike, akamwendea Bijou ubavuni, polepole, akimwita mjomba. "Weye tonton, unaenda wapi? Kuya hapa." Akamshika hatamu, Bijou akatulia.

Madame aliuliza kwa Kifaransa nani aliyeifungua kamba ya mlango.

"Ni mimi," Hamisi akasema haraka, macho chini.

"Hapana," akasema Nabintu. "Banda liko mikononi mwangu. Kosa ni langu."

Uongo mara mbili, na wote kwa ajili yangu! Nikajikusanya, nikasimama.

"Papa, nyamaza, alors," Nabintu akaninong'oneza. "Miye ntaongea."

Sikunyamaza. Nilisema kwa Kifaransa changu cha darasani kwamba niliifungua mimi, kwamba nilikuwa nimeonywa, na kwamba nilitaka kuona kwa macho yangu.

Mwenye jike, mzee wa Kiflemi, Mbelgiji wa kaskazini, akanitazama kuanzia viatu hadi tai. "Na umeona?"

"Nimeona, bwana."

Wakacheka wote, hata Madame. Mzee yule hakucheka sana. Akamgeukia Madame, akasema amefuga farasi maisha yake yote, na kama yeye ndiye angekuwa ameshika kamba ya yule jike, angepiga kelele na jike angejivunja mguu. "Majike wangu wote nitawaleta kwa huyu." Madame akampa Nabintu mkono mbele ya watu, na nafasi ikawa yake.

Nabintu alinirudisha nyumbani kwa gari, nimekalia gunia tupu.

"Papa, ulipoanguka, nilisikia haya sana," akasema njiani. "Ulipoongea, bon, yote ikaisha."

Nilitazama nje ya dirisha, kwa kuwa sikutaka anione uso. Ya kusikia bado siyaamini, wala sitaanza sasa. Lakini nimeapa: nikitaka kulipima neno la mtu, nitalipima katika siku yangu mwenyewe, kamwe si katika siku ya mwanangu.