Sahani ya Kombe

Kila nikiroweka zafarani ya biriani, nakumbuka kombe. Mwaka wa darasa la tano nilinyweshwa kombe kila asubuhi: aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi ya waridi, ili akili yangu ifunguke. Mama alisimama mlangoni mpaka nimalize. Shuleni nilikalishwa nyuma kabisa kwa sababu ya urefu wangu, nikinakili hesabu za ubaoni kwa kubahatisha. Nilidhani kila mtu anauona ubao vile, kama umefunikwa na ukungu.

Siku moja, kabla ya kuziosha aya, Mama aliniwekea sahani chini ya pua. "Soma."

Nikasoma zote bila kukwama.

"Kumbe kusoma wayua," akasema. "Ni ukaidi tu."

Tangu hapo sikuwa na pa kutokea. Shuleni nilikuwa mjinga, nyumbani mkaidi.

Leo binti yangu, naye yuko gredi ya tano, anaandika mezani na pua yake karibu iguse daftari. Nimezima jiko. Nimemwambia anisomee tarehe kwenye kalenda ya ukutani.

"Kalenda gani, Mama?"