Hakuna Beseni Zima Nyumbani kwa Mama wa Ndimu

Habari zilinifikia Jumatatu asubuhi, ndevu zangu zikiwa nusu zimenyolewa: jirani yangu wa mtaa wa Nyamianda hapa Uvira, mama wa ndimu, amefariki. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnamkumbuka. Niliwahi kumtania kwenye safu hii hii kwa ubishi wake. Aliteremka kutoka milimani miaka mingi iliyopita akikimbia vita, mtoto mgongoni na beseni kubwa kichwani, akapata nyumba yenye ua wa mawe matupu. Basi akapanda katika vyombo: pilipili kwenye makopo, mboga za lengalenga kwenye bidoni za maji zilizokatwa, na mche wa ndimu ndani ya lile beseni alilokuja nalo.

Ndimu ile ilimsumbua. Majani yaligeuka manjano, naye kadiri yalivyonyong'onyea ndivyo alivyozidi kumwaga maji. Mimi napenda miti ya vyombo kupita kiasi, mke wangu atawaambia, kwa hiyo sikuweza kunyamaza. Nilimwambia udongo ule mweusi wa bondeni unashika maji mno, na beseni lisilo na tundu litauzamisha mti. "Toboa, mama." Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Eh, papa, weye! Minye nitoboe beseni? Siku ya kukimbia nitamwaga hii udongo, nibebe vitu mule." Nilicheka, lakini nilimwelewa. Mtu wa huku hatoboi beseni zima. Analiweka kwa ajili ya siku ambayo hakuna anayependa kuitaja.

Kisha yule mtoto wa mgongoni akakua, akaolewa papa hapa mtaani, na asubuhi moja mama akaniita uani kwake. Msumari ulikuwa mwekundu juu ya makaa. Alitoboa mwenyewe, tundu baada ya tundu, plastiki ikinuka moshi. "Minye nimeshafika, papa," alisema. "Siendi tena." Tukautoa mti, nusu ya mizizi ilikuwa imeoza, inanuka kama mtaro. Tuliikata, tukaweka kigae cha tofali juu ya kila tundu ili udongo usichuruzike, tukachanganya udongo mpya kwa mchanga wa mtoni, pumba za mpunga na samadi ya zamani. Akafinya konzi moja, akafungua kiganja, ikamomonyoka. Alipomwagilia, maji yalitokea chini yakatulowesha miguu, naye akapiga vigelegele peke yake. Tangu hapo alitoboa kila chombo kilichoingia nyumbani mwake.

Sasa sikieni ya Jumatatu hiyo. Kwenye kilio wanaume tuliketi nje tukijadili mazishi. Mmoja akasema tungoje watu wake washuke wamchukue, maana huku alikuwa mugeni tu. Mugeni! Na hakuna aliyepinga. Mimi ninayewaandikia kila juma habari za kuishi pamoja nilitazama viatu vyangu. Ndipo binti yake akatokea mlangoni, macho yamevimba. "Wababa, muniazime beseni ya kuosha mama. Zake zote ziko na matundu."

Tuliinuka sote, kila mtu mbio kwake. Muda si muda mabeseni yakajaa pale mlangoni: mazima, safi, mengine hayajawahi kuguswa na maji. La kwangu lilikuwa jipya kuliko yote. Binti aliyatazama, akatutazama sisi, akachukua la kwangu. Aibu iliyonishika sikujua niipeleke wapi. Wenyeji wote tulikuwa tumejiweka tayari kuondoka, na tulikuwa tumekaa pale tunajadili nani ni mgeni.

Tumemzika hapa hapa Uvira, na yule aliyesema mugeni ndiye aliyeshika sepetu wa kwanza. Binti amenikabidhi ndimu. Imezaa, mizizi imejaa, inataka chombo kikubwa zaidi. Somo nililopata si gumu, linauma tu: kupapenda mahali huku umeficha chombo cha kukimbilia ni kupenda nusu, na sisi nusu hiyo ndiyo tuliyompimia mwenzetu. Beseni langu lilirudishwa jana. Nimeweka msumari kwenye makaa.