Chai ya Profesa, Kijiko Kimoja

Nilianza kazi ule mwaka unga ulipopotea madukani, tukala githeri, mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, mpaka tukaota mahindi. Shule iliyoniajiri ilikuwa nyumba ya kupanga huko Kileleshwa. Sebule ndiyo darasa, bafu ndilo maabara. Waliosoma pale walikuwa watu wazima wenye digrii tayari, wahandisi na wanasayansi waliorudi kutafuta nyingine. Mimi niliishia darasa la nne. Profesa mwanzilishi alinionyesha beseni la chupa za maabara.

"Wambui, hizi utaziosha kama sufuria?"

"Kama chupa za mtoto mchanga."

"Basi anza."

Unaosha kwa maji ya bomba, kisha unasuuza kwa maji yaliyogeuzwa mvuke yakarudi kuwa maji. Ukiinua chupa, maji yatandae kama shuka. Yakikaa matone matone bado kuna mafuta, rudia.

Kila siku saa nne asubuhi Profesa alichungulia jikoni. "Wambui, chai iko?" Nami: "Iko, na ni moto." Daktari alipomkataza sukari, alianza kuninong'oneza: "Kijiko kimoja. Usimwambie mtu." Sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Tukahamia juu ya maduka karibu na Adams Arcade, halafu jengo la vioo katikati ya jiji. Huko Msimamizi wa Maabara alikuwa mkali kama pilipili. "Mama, meza yenye kitambaa chekundu haiguswi! Ukiipanguza umepanguza digrii ya mtu." Nilizunguka hizo meza kama mtu anayekwepa nyoka.

Profesa akafa, tukamzika kwao. Wakati huo binti wa mwanangu alikuwa ameingia kusoma hapo hapo. Anaitwa Wambui, jina langu, kama desturi yetu. Niliringa, sikatai. Yeye na wenzake walichukua kanda za masomo ya Profesa wakatengeneza kifaa cha ukutani, kinasema kwa sauti yake.

Asubuhi moja naosha chupa, ukuta ukaita: "Wambui, chai iko?"

Mjukuu akacheka mezani kwake. "Iko, Profesa, na ni moto!" Akanigeukia. "Shosho, umeshtuka? Nilikifundisha mimi. Si wewe ulinisimulia?"

Ukuta ukashusha sauti. "Kijiko kimoja. Usimwambie mtu."

Kicheko kikamkauka. "Hiyo sijaiweka, Shosho. Hiyo ni nini?"

Kwetu, marehemu akikuita huitikii, maana anayeitikia amekubali kufuata. Na jina letu ni moja. Ameniita mimi, ameitika yeye.

Nilipostaafu, Mkurugenzi wa shule aliniandalia keki. Akasema, "Mama, tuachie sauti yako ndani ya kile kifaa. Profesa akiita, uwe unamjibu. Huo ndio mradi wa digrii wa mjukuu wako."

"Sauti yangu nitazikwa nayo."

Watu wakatazama keki. Wambui alitoka nje analia. Ilibidi aanze mradi mwingine, akachelewa kuhitimu, akaninunia kweli kweli. Ninyi vijana mnaosoma haya, mpeni mwajiri mikono, mpeni mgongo. Mimi nilitoa vyote na sijuti. Lakini kuna kitu cha kurudi nacho nyumbani.

Sasa nakaa mtaa wa Jamhuri. Jumamosi iliyopita Wambui alikuja kunitembelea, tumepatana. Tuko jikoni, anamenya viazi, simu yangu ikalia, nikaipokea. Saa nne.

"Shosho, chai iko?"

Ilikuwa sauti ya Wambui. Na Wambui yuko mbele yangu, kisu mkononi, mdomo umefungwa.

"Shosho? Sema tu iko."

Nikakata bila kutoa pumzi. Wambui alikuwa amesikia. Kiazi kilimdondoka kikabingirika hadi mlangoni.

"Shosho, huyo ni mimi," akanong'ona. "Nilimwitikia Profesa." Akanishika kanga kama alivyonishika akiwa mdogo. "Labda anakutaka wewe. Ukimjibu mara moja tu, labda ataniachilia."

Simu ikaanza kulia tena. Nikaifunika kwa sufuria, nikamvuta mtoto kifuani, nikamwambia sikioni, polepole, ukuta wowote usisikie:

"Sauti yangu nitazikwa nayo."