Mzazi Hanywi Maji Matupu

Ukifika Endasak ukauliza kwa Scolastica fundi cherehani, watu watakuuliza kwanza, "Yule wa samaki?" Ukikubali, watacheka kidogo kabla ya kukuonyesha njia. Hawacheki kwa ubaya. Huku chini ya mlima Hanang mtu hufuga ng'ombe, mbuzi, kuku, na akizidi sana, nguruwe. Samaki wa kutazamwa tu, asiyeliwa, asiyekamuliwa, asiyebweka mwizi akija, huyo ni habari nyingine kabisa.

Mambo yalianzia Arusha. Alikwenda kununua vitambaa vya sare za kwaya, akaingia duka moja, akakuta tangi la vioo lenye taa na majani mabichi ndani ya maji, na samaki wadogo wenye mikia mipana inayopepea. Alisimama pale mpaka mwenye duka akamletea kiti. Vitambaa alikuja kuvinunua mbio mbio jioni, akakosea rangi, na Pasaka ile kwaya iliimba ikiwa na zambarau badala ya bluu. Samaki wenyewe alirudi nao wakiwa katika mfuko wa maji, kaufunga kifuani kwa kitenge wasipate baridi. Mama mmoja aliyekaa naye kwenye basi akauliza, "Ana miezi mingapi?" Scolastica akafunua kidogo amwonyeshe. Yule mama akahama kiti.

Mumewe Hilary, mkulima wa mahindi na maharage na mtu mwenye subira ya Ayubu, alimtengenezea tangi kwa fundi wa madirisha kule Katesh. Subira yake ilipimwa zaidi kwenye baridi ya Juni. Umeme ukikatika, hita ya kupasha maji nayo hulala, na Scolastica hulivika tangi blanketi.

"Mke wangu, blanketi langu liko wapi?"

"Limevaliwa."

"Na nani?"

"Na wenye baridi."

Hilary alikuwa akivuta koti lake na kujikunyata kitandani akicheka. Na asubuhi, Scolastica alipowasha taa ya tangi na samaki wote wakamkimbilia kiooni wakidai chakula, moyo wake ulifurahi hata akasahau kuweka maji ya chai jikoni.

Kisha baba yake akaumia. Mzee Gidahosh, mfugaji wa kule Gehandu, alisukumwa na dume lake kwenye miti ya zizi, kifundo cha mguu kikavunjika. Hospitali wakamfunga plasta ngumu na kumwambia asikae mbali, maana wangehitaji kumtazama tena. Kwa hiyo akaja kwa binti yake. Tangu Scolastica aolewe, mzee alikuwa hajawahi kulala hata siku moja katika nyumba ile. Kila mara alikuwa na ng'ombe wa kurudia. Scolastica alifua mashuka mara mbili, akatandika, akaimba.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," mzee akajibu, akaingia akiegemea fimbo, kisha akasimama ghafla mbele ya tangi. "Hiki ni nini?"

"Samaki, Baba."

"Wa kula?"

"Hapana. Wa kutazama."

Mzee akarudi nyuma hatua moja. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kutia samaki mdomoni. Kwake yeye samaki ni ndugu wa nyoka aliyekosa adabu ya kukaa nchi kavu. "Binti yangu," akasema, "nitakaa kwa sababu ya mguu. Ukipona, naondoka. Na mlango huu sitauvuka tena mpaka hawa nyoka watoke."

Scolastica aliumia sana. Mzee Gidahosh hatishii. Akisema, amesema. Hilary akashauri wawagawe samaki, lakini wangempa nani, na nani huku angewavika blanketi? Tena ukweli ni kwamba Scolastica hakutaka. Alimpenda baba yake, na aliwapenda samaki wake, na kila alipokaa kwenye cherehani kibandani alivuta uzi huku akiwaza achague nini.

Mzee aligeuza kiti, akalipa tangi mgongo. Lakini macho yaliyochunga tangu utotoni hayajui kukaa bure. Kiti kilianza kugeuka. Leo kidogo, kesho kidogo, kama mtu anayekwepa jua, ingawa ndani ya nyumba jua halikuwamo. Siku moja binti yake akiwapa chakula, sauti ikatoka nyuma yake.

"Yule mweusi anawafukuza wenzake. Mgawie pembeni."

Scolastica akafanya alivyoambiwa, akiuma mdomo asicheke.

"Na yule mwenye doa jeupe amevimba. Atataga lini?"

"Hawa hawatagi, Baba. Wanazaa."

"Usinidanganye mimi."

"Wanazaa watoto hai, Baba."

"Asiye na chuchu azae!" Mzee akageuza kiti, mgongo ukarudi kwenye tangi.

Siku mbili tatu baadaye Scolastica alikuwa kibandani, Hilary shambani, na mzee amebaki peke yake. Ndipo yule mwenye doa akaanza kuzaa. Mzee aliona mtoto akitoka, mdogo kama punje ya ulezi, akajikunjua, akaogelea. Akafuata mwingine. Mzee alisogea hadi pua ikagusa kioo. Basi huyu si ndugu wa nyoka! Huyu ni mzazi, tena amezaa peke yake, hana wa kumshika mkono, na hapo alipo hana hata kitu cha moto cha kunywa. Mzee Gidahosh akashika fimbo, akachechemea hadi jikoni, akachukua kibuyu cha maziwa ya asubuhi, akarudi, akayamimina yote ndani ya tangi.

Scolastica aliporudi mchana alikuta tangi jeupe kama uji, na baba yake kando yake, uso umejaa furaha.

"Amezaa! Umesema kweli, amezaa. Nimempa maziwa. Mzazi hanywi maji matupu."

"Baba, watakufa!"

Hakukuwa na muda wa maneno mengine. Kila wakati Scolastica huwa na ndoo ya maji yaliyotulia ndani, kwa ajili ya kubadilisha. Akayamimina kwenye beseni, akampakatisha baba yake beseni hilo, akachukua chujio la chai na kuanza kuwatafuta samaki ndani ya weupe ule, hawaoni, anapapasa tu. Kila mmoja alipoingia beseni, mzee alimtaja kwa rangi yake, kama wanavyotajwa ng'ombe wakiingia zizini. Mweusi. Mwenye mkia mwekundu. Wa kijivu. Watoto waliokuwa wamejificha kwenye majani waliletwa pamoja na majani yao. Wa mwisho alikuwa mama mwenyewe, na alipowekwa majini alilala ubavu.

"Nimemuua," mzee akasema. "Nimemuua kwa mkono wangu."

"Hukujua, Baba. Ulimtendea wema."

Scolastica akatia bomba la pampu ya hewa ndani ya beseni. Wakakaa, baba na binti, vichwa vimekaribiana, wakitazama mapovu. Mzee alikataa beseni litoke mapajani mwake, hata chakula kilipopoa. Jioni Hilary alipofika, alimkuta mkwe wake akipiga kelele kwa furaha: samaki amesimama wima, anatembea. Wote watatu wakacheka mpaka machozi. Mzee akaeleza kosa lake mwenyewe, hakuficha kitu.

"Baba," Hilary akasema, "hata mimi ningemletea maziwa."

Mguu ukapona. Siku ya kuondoka, pikipiki ikisubiri nje, mzee alisimama mbele ya tangi kwa muda mrefu. Scolastica alisimama nyuma yake, roho juu, asithubutu kumkumbusha lile neno alilolisema siku ya kufika.

"Yule mwenye doa," mzee akasema, "ni wangu. Namweka kwako."

Scolastica alielewa mara moja, maana huku hata mtoto anaelewa. Mwenye ng'ombe humweka kwa ndugu amtunzie. Ndama ni wa mwenyewe, maziwa ni ya mtunzaji.

"Watoto wake ni wako, Baba. Na maziwa yangu mimi ni yapi?"

Mzee akafikiri. "Kuwatazama."

Scolastica alishika mkono wa baba yake, machozi na kicheko vikimjia pamoja.

"Sasa unalia nini? Mwenye mnyama si lazima aje kumkagua mnyama wake? Nitakuja baada ya mavuno, nilale hapa hapa." Akavuka kizingiti, akageuka. "Na nisikute amekonda."