Likizo Iliyoishia Kitandani

Kazi yangu Kakuma ni kuwaambia wanawake wasione haya. Naketi nao kwenye mabenchi ya kliniki, wajawazito na wanaonyonyesha, Waturkana wenzangu na wakimbizi wa kila upande, nawaambia: ukiona damu usingoje, sema, hata kama aliye mbele yako ni mwanamume. Somo hilo nalitoa vizuri sana. Wengine hucheka wakijifunika mdomo, nami huwatania mpaka wazoee.

Kisha ikafika zamu yangu. Mimba ilikuwa haijamaliza mwezi wa saba nilipoona damu, nikakimbizwa hospitali Lodwar. Daktari alisema kondo la nyuma limekaa chini mno, nisitoke kitandani hadi nijifungue. Nikampigia simu mkubwa wangu wa kazi. Ni kijana mpole kutoka huko tunakokuita Kenya, kana kwamba sisi tuko nchi nyingine, na kwa umri ni sawa na mdogo wangu wa mwisho. Kwetu habari za damu ya uzazi husemwa na wanawake peke yao, na kijana wa umri ule hazisikii kamwe. Nikamwambia sijisikii vizuri, ni mambo ya mimba tu.

Naye alifurahi kutoambiwa zaidi. "Basi anza tu likizo ya uzazi, madam," akasema.

Nami nikamshukuru! Hadi leo uso unanichoma nikikumbuka nilivyoshukuru, kwa sauti tamu, kama mtu aliyepewa zawadi.

Muuguzi wa wodi ndiye aliyenizindua. Aliniambia siku za kulazwa ni za ugonjwa, zina ruhusa yake kazini, na zile za uzazi zingemngoja mtoto. "Mkubwa wako anajua unaumwa nini?" akauliza. Nikageukia ukutani. Ningeweza kupiga simu tena, na mara kadhaa niliishika, lakini nikilifikia lile neno ulimi unakuwa mzito. Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Mimi nilizaa, tena huku nimeuficha.

Binti yangu alikuja kabla ya wakati, mwepesi hata nikaogopa kumshika. Hakuwa na nguvu za kunyonya. Nilimkamulia maziwa nikamnywesha kwa kikombe kidogo, nikambeba kifuani ngozi kwa ngozi. Alipoanza kulishika ziwa, likizo ilikuwa imebaki siku za kufua nguo na kufunga mzigo tu. Daktari alikataza asisafirishwe kwa joto lile, kwa hiyo ilibidi abaki Lodwar na mama yangu, kwa maziwa ya kopo.

Asubuhi ya kuondoka mama alisimama mlangoni na mtoto. "Hata mbuzi akienda malishoni hurudi jioni kunyonyesha," alisema. "Wewe utarudi lini?"

"Mwisho wa mwezi, mama."

Nilipanda gari nikitazama viatu vyangu.

Wiki ya pili kazini ilikuwa somo la kunyonyesha. Maziwa ya mama peke yake, nikawaambia, hata maji usimpe, mpaka atimize miezi sita. Papo hapo blauzi ikaanza kuloa, pande zote mbili, na mabenchi yote yanatazama. Mama mmoja Mkongo akainuka, akavua kitenge cha begani mwake, akanifunika.

"Mama, maziwa inatoka," aliniambia polepole. "Mutoto yako iko wapi?"

"Lodwar."

"Na ananyonya nini?"

Nikakikaza kile kitenge kifuani, mimi mwenye majibu ya kila mtu. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Niliingia ofisini kwa mkubwa wangu nikiwa bado nimejifunga kile kitenge. Sikuketi. "Siku zile sikuwa likizo ya uzazi," nikasema. "Nilikuwa natokwa na damu. Nililazwa." Neno lililonishinda muda wote ule lilitoka kwa pumzi moja.

Aliinamisha macho. "Pole sana. Ungeniambia tu, madam, tungeziandika za ugonjwa." Akapiga simu makao makuu nikiwa nimesimama pale pale, nikarudishiwa siku zangu. Kumbe ni hivyo tu! Angenikatalia ningepata mtu wa kumkasirikia. Alinikubalia, nikabaki na mimi mwenyewe.

Nilifika Lodwar jua likizama. "Ejok," mama alinisalimu, akanipakatisha mtoto hata kabla sijakaa vizuri. Nikamwekea ziwa mdomoni. Alilionja, akageuza uso, akaanza kulia akikitafuta kikombe mkononi mwa bibi yake. Nikajaribu upande wa pili, akalia zaidi. Mama akakificha kikombe nyuma ya mgongo wake, kisha akatazama nje, asinione ninavyoaibika.