Pembe Isiyofika kwa Fortunata

Fortunata wa Suji ni fundi cherehani, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: kutaka kujua. Ukimpelekea gauni alipunguze kiuno, atakuuliza umekonda kwa nini. Wenzake humcheka, naye hucheka nao, kisha anauliza tena.

Mwaka huu, lakini, kicheko kilimkauka. Maharage yake yalikuwa yanatoa maua, na zamu yake ya maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, alikuwa amenyimwa mara mbili. Kosa lake ni kutofika msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kila Mpare anaijua sheria: pembe ikilia jioni, asubuhi unabeba jembe kwenda kuzibua mifereji na wenzako. Usipokwenda, maji yatapita kwa jirani. Akinyimwa mara ya tatu, maharage ndiyo basi tena.

Fortunata aliapa hakusikia pembe. Mzee Melkizedeki, mwenyekiti wa ndiva na mpiga pembe mwenyewe, akamwambia mvivu hasikii. Mvivu! Mwanamke anayemwamsha jogoo! Iliuma, jamani.

Basi akaanza kuchunguza. Jioni moja pembe ya kuita mkutano ilimkuta kwenye mazoezi ya kwaya. Akaiacha kwaya, akashika njia ya kwake huku ametega sikio. Alisikia vizuri mpaka penye mwamba mkubwa. Akapinda kona: kimya. Nyumba yake imeelekea tambarare ya Same, na mlima wote uko mgongoni. Mtandao wa simu, ajabu, unamfikia bila shida kutoka mnara wa huko chini.

Hapo akamkumbuka Sadock. Huyu alistaafu posta, akaanzisha orodha ya barua pepe ya kitongoji: unatuma kwenye anwani moja, barua inafika kaya zote arobaini. Watu walimcheka, wakasema barua pepe ni ya maofisini, wao wana WhatsApp. Sadock akawajibu kwamba huko tangazo la asubuhi, hadi mchana limeshazikwa chini ya picha za maua na salamu.

Fortunata akaomba msaragambo utangazwe pia kwenye orodha ya Sadock. Mzee akakataa katakata. Pembe iliwatosha babu zao. Fortunata hakubishana naye. Alimwomba tu jioni ya tangazo aje kwake kunywa chai, pembe aipige Sadock. Mzee akaja upesi, maana alitaka kumwumbua.

Wakakaa barazani, wakanywa chai. Simu ya Fortunata ikalia kidogo. Akasoma, akaiweka chini. Mzee akamaliza kikombe cha pili.

“Huyu Sadock anapiga saa ngapi?”

“Ameshapiga, baba. Barua yake hii hapa, anasema amepiga mara tatu. Kesho saa moja, mfereji wa juu.”

Mzee akainamisha kichwa. Aibu ilimshika, na hakuificha.

“Miaka ishirini na sita ninaipiga ile pembe, mwanangu. Sijawahi hata siku moja kukaa kwa mtu nikaisikiliza.”

Akamwambia afike kesho na jembe lake, maji yake atayapata. Kisha ugonjwa wa mwenyeji ukampata na yeye. Akaanza kuwataja wavivu wake wa miaka yote, mmoja mmoja, akiuliza kila mmoja anakaa wapi. Na kwa kila jina, Fortunata alinyoosha kidole kuonyesha bati la nyumba upande ule ule wa mwamba.